Mwembe Ulioangushwa na Herufi

Kiwanja alichotuachia baba huko Sahare, Tanga, kilikuwa na mwembe mmoja uliosimama katikati ya uwanja, baina ya lango na baraza. Ulikuwa mwembe dodo, rika moja na kaka yangu mkubwa, na shina lake halikukumbatika na mtu mmoja. Desemba 2017 nilimlipa kijana mwenye msumeno wa mashine, akaulaza chini kabla ya adhuhuri. Mama alikuwa ndani. Hakutoka, wala hakunena neno. Jioni alitoka na kiti chake cha mbao kama alivyozoea, akafika penye kisiki, akasimama nacho mkononi. Alitazama kulia, akatazama kushoto, kisha akakirudisha ndani.

Aliyeukata mti ni yule kijana. Aliyeuhukumu ni mimi, na ushahidi wangu wote ulikuwa herufi moja ya Kichina.

Nilikwenda China mwaka 2012 kusomea uhandisi wa nguo. Mji niliopangiwa ni Suzhou, mashariki ya nchi ile, mwendo mfupi wa treni kutoka Shanghai. Ni mji wa hariri na mifereji. Mimi nimekulia Tanga, harufu ya mkonge naijua tangu utotoni, nikadhani kitakachonishangaza huko ni nyuzi. Kumbe ni bustani. Matajiri na maofisa wastaafu wa zamani walizijenga nyuma ya kuta za nyumba zao, na tisa kati ya hizo zimo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO: nne ziliingizwa mwaka 1997, tano zikaongezwa mwaka 2000. Iliyo kubwa kuliko zote, ya Zhuozheng, ilianzishwa mwanzoni mwa karne ya 16 na ofisa mmoja, Wang Xiancheng, aliyechoshwa na mambo ya serikali akaona heri arudi nyumbani.

Niliyoipenda mimi ni ndogo, nayo ni Wangshi, jina ambalo maana yake ni Bwana wa Nyavu. Jina la mvuvi! Mtu wa Sahare atapitaje mlangoni asiingie? Ina ukubwa wa nusu hekta hivi, haifiki hata uwanja wa mpira, lakini unaweza kuizunguka saa nzima usiwe na hakika kama umeimaliza. Hakuna mahali utakaposimama ukaiona yote. Njia inapinda, ukuta unakuzuia, halafu tundu la dirisha linakuonyesha tawi moja tu la mti na kukuacha na hamu ya kujua lililobaki. Katikati pana bwawa, na kingo zake zimevunjwavunjwa kwa mawe hata usijue maji yanaishia wapi.

Karibu na bweni letu palikuwa na bustani ya umma, na kila asubuhi mzee mmoja alifika na ndoo ya maji na brashi ndefu kama mpini wa ufagio. Alichovya brashi akaandika juu ya sakafu ya mawe. Herufi zilimeta, zikafifia, zikatoweka, naye akaandika nyingine. Alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia. Nilimwita Laoshi, yaani mwalimu, maana huko mwalimu huitwa hivyo hata akistaafu, sawa na kwetu. Mimi nilimbebea ndoo, yeye akanisahihisha matamshi. Ndiye aliyenifumbulia neno fengshui.

Feng ni upepo. Shui ni maji. Wachina wa kale waliamini kwamba ardhini na hewani hupita pumzi ya uhai, waliyoiita chi. Kitabu cha Maziko, kinachonasibishwa na mwanachuoni Guo Pu aliyeishi kati ya mwaka 276 na 324, kinafundisha kwamba upepo huitawanya pumzi hiyo na maji huizuia ikatulia. Kama jina la kitabu linavyoonyesha, shughuli ilikuwa ya makaburi: mzee alazwe wapi ili wajukuu wapate heri. Kutoka kaburini elimu ikaingia nyumbani, ikafika bustanini. Zikakua njia mbili kubwa, moja inayotazama maumbo ya vilima na mito, yenye asili yake Jiangxi, na nyingine inayopiga hesabu kwa dira, iliyoshamiri Fujian.

Laoshi alipenda njia ya maumbo. Aliniambia mahali pazuri pa nyumba ni kama kiti chenye egemeo na mikono. Nyuma, upande wa kaskazini, pawe na mlima: huyo ni Kobe Mweusi. Mashariki pawe na kilima cha Joka la Samawati, magharibi kilima kifupi zaidi cha Simbamarara Mweupe. Mbele, kusini, pawe wazi na penye maji: huyo ni Ndege Mwekundu. Mwenye nyumba akikaa humo, mgongo wake umekingwa, mikono imepata pa kupumzika, na macho yanaona mbali.

Miti nayo ilikuwa na sheria zake. Mkomamanga upandwe, kwa kuwa tunda lake limejaa mbegu, na mbegu ni watoto. Mforosadi usikae mbele ya nyumba, maana jina lake kwa Kichina hulingana kimatamshi na neno la msiba. Asubuhi moja nikamuuliza juu ya mti wa uani. Hakujibu kwa mdomo. Alichora mraba kwa maji, ndani ya mraba akaandika herufi ya mti.

“Uwanja, na mti katikati,” akasema. “Soma.”

Sikuijua.

“Kun. Dhiki. Mtu aliyekwama.”

Herufi ile ilikauka pale juu ya jiwe kwa dakika chache. Kichwani mwangu haikukauka.

Nilirudi mwaka 2015, nikafanya kazi Dar es Salaam. Mwaka uliofuata baba akafariki dunia, na mwaka 2017 nikahamia Tanga kukaa na mama. Nyumba niliikuta imenyong’onyea. Kaka hana kazi, paa linavuja, kiwanja kilikuwa na shauri na ndugu wa upande wa baba, na mambo yote niliyoyagusa yalikwenda nusu yakasimama. Ndipo asubuhi moja, nikiwa barazani na kikombe cha chai, nikauona mwembe kwa jicho jipya. Uwanja wa mraba. Mti katikati. Nilikuwa nimeisoma nyumba yetu miaka mitano nyuma, katika lugha ya watu, na sikujua.

Mtu mwenye dhiki hatafuti sababu. Akiletewa moja nzuri, huipokea kwa mikono miwili. Nikanunua kitabu cha fengshui ya bustani kwa muuza vitabu wa mitumba, kimeandikwa kwa Kiingereza, kina picha za kupendeza. Kiligawa kiwanja katika vyumba tisa, kila chumba na jambo lake: utajiri, ndoa, safari, sifa, na kadhalika. Baadaye sana nilijua kwamba ramani ya namna hiyo, inayopangwa kwa kufuata mlango badala ya dira, ilienezwa Marekani na Lin Yun katika nusu ya pili ya karne ya 20. Wakati ule kwangu yote ilikuwa China, na China yote ilikuwa Laoshi.

Mama aliniona nikipima uwanja kwa hatua na kuandika katika daftari.

“Unatafuta nini, mwanangu?”

“Napanga bustani, mama. Natafuta kona ya utajiri.”

Alinitazama kwa muda. “Ulikwenda China kusomea nguo, umerudi na ramli?”

Nikacheka, nikamwambia hii si ramli, ni elimu. Yeye hakucheka.

Basi nikafanya mambo matatu. Kwanza niliukata mwembe. Pili nilijenga kinga upande wa kaskazini, kama Kobe Mweusi anavyotaka. Mlima sina, kwa hiyo nikapiga uzio wa mabati uliozidi kimo cha mtu, na mbele yake nikapanda mianzi. Tatu nilichimba bwawa upande wa kusini, lenye umbo la mwezi mchanga, pembe zake zikiikumbatia nyumba. Kwenye karatasi ilipendeza sana.

Adhabu ilianza Januari. Nyumba yetu inatazama magharibi, barabarani. Bahari iko mgongoni. Mwembe ndio uliokuwa ukilipokea jua la alasiri kabla halijafika barazani. Sasa jua likaingia lenyewe, likapanda sakafuni, likapita mlangoni hadi sebuleni, na ilipofika saa kumi ukuta ulikuwa hauguswi. Tena ni miezi ya joto hasa, ambayo nafuu yetu watu wa pwani ni upepo wa kaskazi, unaovuma toka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi Machi. Upepo huo nilikuwa nimeupigia mabati. Usiku tulilala milango wazi, tukisikia bati likigongwa na upepo usioweza kuingia.

Kisha ikaja masika ya 2018, na wanaoikumbuka wanajua ilikuwa masika ya namna gani. Bwawa langu halikuwa na pa kutokea maji. Kiwanja chetu kinateremka kidogo kutoka kusini kuja nyumbani, jambo ambalo kila mtoto aliyewahi kucheza gololi pale anajua, na mimi nilicheza. Usiku mmoja mwezi mchanga ulijaa, ukafurika, ukaikumbatia nyumba kwelikweli. Asubuhi viatu vilikuwa vinaelea barazani. Mvua ilipopungua, maji yaliyobaki yakazaa mbu, na jirani yetu, mama mmoja mpole ambaye hajawahi kugombana na mtu mtaani, akaja kupiga hodi kuuliza tunakusudia kufuga nini.

Nilimpigia Laoshi simu nikiwa na hasira, na hasira yenyewe sikujua ni ya nani. Nilimtumia picha. Akaniuliza maswali ya mwalimu wa jiografia.

“Mwezi Juni, saa sita mchana, jua la kwenu liko upande gani?”

“Kaskazini.”

“Na Desemba?”

“Kusini.”

Kimya. Nikasikia akimwambia mkewe jambo fulani. Kisha akaniuliza: “Sasa ule mti ulikuwa unamnyima nani jua?”

Nilikaa nalo swali lile siku nyingi. Suzhou iko nyuzi 31 hivi kaskazini ya ikweta. Jua la huko liko kusini mwaka mzima, na mwishoni mwa Desemba, saa sita mchana, halipandi zaidi ya nyuzi 35 hivi kutoka upeo wa macho. Ua wa nyumba ya mjini ni mdogo kama chumba, kuta zake ndefu. Ukipanda mti mkubwa katikati, umeziba dirisha pekee ambalo nyumba inaotea jua wakati wa baridi. Unyevu unaganda ukutani, wazee wanakohoa. Hiyo ndiyo dhiki. Herufi ilikuwa fundo kwenye leso, la kumkumbusha mtu asisahau. Na yule Kobe Mweusi wa kaskazini alikuwa akiwakinga watu na upepo wa majira ya baridi ushukao kutoka bara, unaopenya mpaka mifupani. Niliuonja miaka mitatu. Tanga, iliyo nyuzi tano kusini ya ikweta, haina mtu anayeoa jua kwa mahari. Kwetu jua linakuja lenyewe, hata lisipoalikwa.

Jambo moja alilolisema Laoshi siku ile liliniumiza kuliko yote. Vijiji vingi vya kusini ya China, alisema, vimeacha msitu nyuma ya nyumba, unaoitwa msitu wa fengshui, na miti yake haiguswi. Inazuia maporomoko, inashika maji, inakinga upepo, na watu wanaiheshimu kuliko wanavyoiheshimu sheria ya serikali. Nikakumbuka makaya ya Wamijikenda, jirani zetu wa ng’ambo ya mpaka, misitu ya wazee ambayo nayo iliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2008 na ambamo huwezi kuvunja kijiti ovyo. Kumbe elimu niliyoitumia kuua mti ndiyo iliyohifadhi misitu kwao.

Sitaki kumfanya Laoshi kuwa mtu ambaye siye. Yeye mwenyewe hakukubali kupanga nyumba ya ghorofa ya nne, kwa sababu neno “nne” kwa Kichina linakaribiana na neno “kifo”. Katika akili yake jua la Januari na bahati mbaya ya namba vilikaa mkeka mmoja, na hakuona haja ya kuvitenganisha. Aliyelazimika kuvitenganisha ni mimi, kwa kuwa nilivichukua nikavipeleka mahali pengine. Kitu kikisafirishwa ndipo unapojua kipi ni tunda na kipi ni ganda. Kwa upande wa bahati, mama alikuwa na msimamo wake wa dini, na nimeuheshimu: nyumbani kwetu hakuna chura wa miguu mitatu wala sarafu zenye uzi mwekundu. Kwa upande wa upepo na maji, mama alikuwa na elimu ambayo sikuwahi kuiuliza.

Nilianza kuiuliza kwa kutazama kiti chake.

Baada ya mwembe kuanguka alikaa ndani wiki nyingi. Joto lilipomshinda akaanza kutoka, na kwa kuwa kivuli chake hakikuwepo tena, akawa anahama. Asubuhi alikaa ukutani upande wa magharibi, nyumba yenyewe ikimkinga. Saa nane alihamia upenuni kaskazini, akasogea mpaka pale mabati yalipoishia ili aupate upepo kwenye pembe. Jioni alikwenda nyuma, upande wa bahari. Upepo wa kusi ulipoanza, mwezi Mei, safari zote zikabadilika. Miguu minne ya kiti iliacha vishimo vinne mchangani kila alipokaa. Nikachukua lile daftari langu la kona ya utajiri, nikaanza kuandika: tarehe, saa, kiti kiko wapi, upepo unatoka wapi. Niliandika mwaka mzima.

Katika mwaka ule ndipo nilipolisikia neno ambalo nimelitamka maisha yangu yote. Kusini. Kaskazini. Mashariki na magharibi tumezipata kwa Kiarabu, kutoka kuchomoza na kutua kwa jua. Lakini pande hizi mbili Mswahili alizitaja kwa pepo zake: kusini ni kunakotoka kusi, kaskazini ni kunakotoka kaskazi. Watu waliosafiri kwa majahazi waliuweka upepo ndani ya dira, na dira wakaiweka kinywani mwa kila mtoto. Nilikuwa nimekwenda mbali kufundishwa kwamba upepo ni jambo la kuulizwa, na kila nikimwelekeza mtu njia nilikuwa ninautaja.

Mwaka 2019 nilikwenda Lamu kwa harusi, nikapata nafasi ya kuingia katika nyumba za kale za mawe. Unapanda daka, kibaraza cha mlangoni chenye viti vya kujengea ubavuni. Unaingia tekani, chumba cha kuingilia, na hapo njia inakukunja. Mpita njia hata akichungulia haoni kilichomo. Ndipo unatokea kiwanda, uwanja ulio wazi juu, unaoipa nyumba hewa na mwanga. Nilisimama tekani nikaikumbuka Wangshi. Laoshi alikuwa ameniambia kwamba ukuta nyuma ya lango na daraja la kupindapinda huwazuia pepo wabaya, ambao hujua kwenda moja kwa moja tu. Watu wa Lamu wangekwambia ni sitara. Fundi wa pale na fundi wa kule walikata kona ileile. Niliambiwa pia kuwa katika birika za nyumba hizo waliweka samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na chini kabisa wakajengea bakuli la kaure la Kichina ili samaki wabaki na maji birika inapokauka. Nilicheka peke yangu. Bakuli lilitoka China kabla yangu, likafika pwani, likajua kazi yake.

Nimeipanga bustani upya, polepole, kwa kufuata daftari. Kitu cha kwanza kilikuwa kuondoa. Mabati niliyauza. Mianzi niliihamishia kona ya kusini-magharibi, ambako inakunywa maji yanayotuama na haimzuilii mtu upepo. Bwawa nililifukia, nikachimba jingine dogo, mbali na msingi wa nyumba, mahali ambapo maji ya mvua hupenda kukusanyika yenyewe. Nililipa mdomo, na mfereji wa kina cha kiganja unaopeleka ziada kwenye migomba. Ndani nimeweka perege. Mbu wa bwawani wamekwisha, na jirani yetu hupita jioni moja moja kuwatupia samaki makombo ya mkate.

Mawe yalinipa raha ya pekee. Bustani za Suzhou zimejaa mawe ya chokaa kutoka Ziwa Tai, yaliyotobolewa na maji, na wajuzi huyapima kwa sifa nne: wembamba, mikunjo, matundu, na uwazi unaopitisha mwanga. Watu walifilisika kwa kuyatafuta. Mimi nilikuwa na ukuta wa zamani wa mawe ya matumbawe uliobomoka nyuma ya nyumba, rundo ambalo tangu utoto nililijua kama makazi ya mijusi. Nikasafisha moja, nikalisimamisha wima kando ya bwawa. Lina matundu yasiyo na kifani, na mawimbi ndiyo yaliyolichonga. Nilimtumia Laoshi picha. Aliuliza nimelipa kiasi gani.

Njia ya kutoka langoni sasa inapinda mara mbili. Kona ya kwanza ina mkomamanga, ya pili ina kichaka cha mkadi, kwa hiyo anayepita barabarani hamwoni mama barazani, na anayeingia hulazimika kupunguza mwendo na kusema hodi kabla hajatokea. Asumini nimeipanda kusini-mashariki, mlangilangi kaskazini-mashariki. Nilipoanza niliweka maua chini ya upepo, ambako yalimnukia jirani. Sasa upepo wa kusi unaleta asumini dirishani, na kaskazi ikianza inaleta langilangi. Mbele ya baraza, magharibi, nimejenga kichanja nikakipandisha mipasheni, kupokea jua la alasiri. Ni kazi ambayo mwembe uliifanya bila kulipwa.

Wanaonitembelea huniuliza waanze wapi, na wengi wanataka niwachoree. Sichori. Nawaambia wasinunue hata mche mmoja kabla hawajaiona masika moja na kaskazi moja wakiwa wamekaa palepale. Siku mvua kubwa inaponyesha, toka na mwavuli utazame maji yanapita wapi. Mkondo huo ni mwenyeji kuliko wewe. Saa kumi jioni gusa kuta zote za nyumba, ile inayochoma ndiyo inayodai mti. Choma kipande cha udi uwanjani, Januari na tena Julai, uone moshi unaelekea wapi. Kisha mtazame mtu mzee wa nyumba, au paka, anakokaa. Baada ya hapo soma vitabu vya China, vya Uingereza, vya popote, navyo vitakufaa, kwa sababu utakuwa na maswali ya kuviuliza.

Kuhusu mwembe, mama hajawahi kunilaumu kwa maneno. Lakini kila msimu wa maembe huja kutoka sokoni na mfuko wa dodo, akautua mezani na kutaja bei kwa sauti ya kutosha kusikika uani. Nimepanda mche mwingine wa kubebesha, hatua kadhaa kutoka penye kisiki, upande uleule wa magharibi. Mwaka jana ulizaa maembe saba. Mama aliyahesabu juu ya mti, akayahesabu tena yalipochumwa, akamgawia jirani mawili. Wiki iliyofuata alirudi na mfuko kutoka sokoni, na bei ilikuwa imepanda.

Juzi nilimaliza kazi niliyodhani ni ya mwisho, tuta la mrehani kando ya bwawa, limenyooka na kupendeza. Kesho yake, saa kumi na moja jioni, nilimwona mama akipita kichanja, akipita upenu, kiti mkononi, hadi kwenye lile tuta. Alisimama akageuza uso kidogo, kama mtu anayesikiliza. Kisha akakita miguu ya kiti katikati ya mrehani wangu, akaketi, akavua kandambili. Nilikaribia kusema. Halafu nikausikia upepo shingoni, mwembamba, unatoka bwawani, pale tu, hatua moja kushoto haupo.

Asubuhi niling’oa miche minne, nikaihamishia pembeni, nikasawazisha udongo pawe na nafasi ya kiti.